Vidole Viwili, Njia Katikati

Nchi hii ilikuwa na jina, tena jina zuri, lakini wakati mambo haya yanatokea jina lenyewe lilikuwa wizarani likisubiri saini. Tuliache hukohuko, lisije likapotea njiani. Inatosha kusema ilikuwa na mto mmoja, mlima mmoja, hospitali moja yenye dawa, na madirisha mengi ya kuulizia.

Nyuma ya soko la nafaka la mji mkuu aliishi msusi aitwaye Skolastika, mwanamke wa miaka arobaini na minane. Saluni yake ilikuwa na kiti kimoja, kioo kimoja chenye ufa, na rozari iliyotumika badala ya saa. Dawa ya kulainisha nywele ilikaa kichwani kwa Salamu Maria hamsini, mafuta ya moto kwa thelathini. Mteja mlalamishi alisomewa tatu, naye alinyamaza akidhani anaombewa, na kweli alikuwa anaombewa.

Alikuwa na dada mmoja, Perpetua, na baada ya Mungu hakuwa na mwingine. Zamani Perpetua aliacha masomo akauza maandazi ili mdogo wake asome, lakini Skolastika alipofika darasa la tatu shule ilivunjwa kupisha bango kubwa lililoandikwa ELIMU NI MWANGA. Ndiyo maana sasa, na mvi zake, alikwenda kila jioni kwenye darasa la watu wazima katika ukumbi wa parokia. Perpetua ndiye aliyemsukuma. "Soma, Skola," alimwambia, "hata herufi moja kwa siku. Mungu hana haraka na wewe."

Mwaka huo Perpetua alikuwa mgonjwa. Uvimbe ulimwota kifuani, na kila Jumatatu alishinda hospitalini akitundikiwa chupa ya dawa nyekundu kama juisi ya rozela. Daktari alisema chupa ziwe kumi na mbili, zifuatane wiki kwa wiki, isikosekane hata moja. Dawa hiyo iliua uvimbe na, kwa kuwa haikujua kubagua, iliua na nywele. Baada ya chupa ya nne kichwa cha Perpetua kilikuwa kinang'aa kama kikombe cha misa.

"Umenipunguzia kazi, Dada," Skolastika alimwambia.

"Nimekupunguzia mteja msumbufu." Perpetua alijipapasa utosini. Kwao, akifa mtu wa tumbo moja nawe, wanawake hunyoa kichwa kizima kwa wembe kabla maiti haijatoka ndani. "Ona, nimejinyolea msiba wangu mwenyewe. Wewe usinyoe bado. Zimebaki chupa nane."

Basi zilibaki nane. Tuishike hesabu hiyo.

*

Asubuhi moja, saa tatu, gari la Kasri lilisimama mbele ya saluni. Akashuka Bwana Anselmi, Mkuu wa Itifaki, mtu aliyevaa suti mbili, moja juu ya nyingine, ili ya ndani isichafuke. Msusi wa Kasri alikuwa amepewa likizo kwa manufaa ya umma, kwa sababu alipiga chafya. Walipouliza sokoni ni msusi gani asiyesema ovyo, vidole vyote vilimwonyesha Skolastika, kwa kuwa midomo yake daima ilikuwa na kazi nyingine.

Mama Mtukufu, mke wa Rais, alikuwa ameketi mbele ya vioo saba. Mchana angekula na mgeni kutoka ng'ambo, na mke wa mgeni huyo alikuwa na nywele za mbele zilizokatwa zikalala kwenye paji la uso mpaka kwenye nyusi. Mama Mtukufu alitaka hizohizo, na alizitaka kabla ya saa saba.

Skolastika alizishika nywele zake. Zilikuwa za kipilipili, nene, nzuri, ambazo hazijaonja dawa.

"Mheshimiwa," alisema, "nywele hizi hukatwa zikiwa kavu. Zikilowa hushuka, zikikauka hurudi juu. Ukizikata mbichi unakata usichokiona."

Bwana Anselmi alifungua kitabu. "Mwongozo wa Kasri, ukurasa wa kumi na moja. Lowanisha. Chana. Kata."

"Kitabu hicho kimeandikiwa nywele za wapi, baba?"

"Kimeandikiwa nywele za wafadhili. Lowanisha."

Skolastika alifanya ishara ya msalaba, akalowanisha, akachana, akakata usawa wa nyusi, mstari mmoja safi kama ukingo wa daftari. Bwana Anselmi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha zikaanza kukauka.

Kwenye Salamu Maria ya kumi zilikuwa zimeziacha nyusi. Kwenye ya ishirini zilikuwa katikati ya paji. Kwenye ya arobaini zilisimama vidole viwili tu chini ya mahali zinapoota, na hapo zikagoma. Tena Mama Mtukufu alikuwa na sehemu, katikati kabisa ya paji, ambapo nywele huzunguka kama maji yanayoingia shimoni. Hapo zikagawanyika zenyewe, nusu kulia, nusu kushoto, zikageuziana mgongo kama mawifi waliogombana harusini.

Vioo vyote saba vilionyesha jambo moja. Skolastika alisubiri kufungwa, na alishangaa kuona haogopi; aliwaza tu nani atampeleka Perpetua Jumatatu.

Lakini sheria ya nchi ile, ibara ya tatu, inasema kwamba kosa haliwezi kutokea ndani ya uzio wa Kasri. Likitokea, si kosa, ni mwelekeo. Bwana Anselmi aliitazama dari, akaisoma ibara hiyo moyoni, kisha akapiga makofi matatu.

"Mheshimiwa," alisema, na machozi yakamlenga, "nchi imepata mwelekeo."

*

Saa kumi alasiri redio ilikuwa imeshatangaza. Waziri wa Mapaji na Utambulisho, cheo kilichoundwa saa tisa na nusu, alilihutubia taifa kwa saa mbili akisimama.

"Ndugu wananchi! Kwa miaka mingi adui zetu wametuuliza: paji lenu liko wapi? Leo tunawajibu! Liko hapa, vidole viwili, njia katikati! Taifa lisilogawanya nywele zake kwa usawa, upande wa kushoto na upande wa kulia, litagawanya nini kwa usawa?"

Watu walipiga makofi, kwa sababu lilikuwa swali gumu.

Ikaamriwa kwamba kila raia, mwanamke kwa mwanamume, awe na Shungi la Taifa: nywele za mbele, fupi, vidole viwili vya mtu mzima asiye mnene, zikiwa na njia katikati. Asiye na shungi hatahudumiwa kwenye dirisha lolote la serikali. Nywele za bandia zilipigwa marufuku kwa kuwa ni kughushi kichwa. Waziri mwenyewe alikuwa na upara tangu ujana. Mwandishi wa habari alipomuuliza, alieleza kwamba shungi lake liko nje ya nchi kikazi. Mwandishi huyo naye akapelekwa nje ya nchi, ila haikuelezwa kama ni kikazi.

Wiki ile ya kwanza ilikuwa ya vilio. Watu walikatana kwa mikasi ya kukatia vitambaa, kwa visu vya mboga, kwa meno. Wenye nywele za singa walijikata zikalala kama nyasi iliyokanyagwa na ng'ombe. Wenye kipilipili walirudia kosa la Kasri, wakakata mbichi, wakabaki na punje nne. Bwana Anselmi akarudi sokoni.

"Bi Skolastika, wewe ndiye Mtaalamu wa Taifa. Andika mwongozo. Aina zote za nywele. Ijumaa tuwe nao."

Ilitokea kwamba mwalimu wa jioni alikuwa amewapa kazi ya insha: Andika maelekezo ya shughuli unayoijua vizuri. Skolastika alipiga magoti kando ya kiti cha saluni, akaomba asiandike uongo, kisha akafungua daftari. Aliandika polepole, na hivi ndivyo alivyoandika:

"Nywele za kipilipili usizikate mbichi. Zifunge nyuzi usiku kucha zijivute, asubuhi zifungue, kata kidogokidogo, na kila ukikata subiri Salamu Maria tano uone zitaishia wapi. Nywele za singa kata kwa ncha ya mkasi ukiusimamisha, siyo kwa mstari, la sivyo mtu atafanana na brashi. Nywele za mawimbi zipasue njia zikiwa na unyevu, ila mkasi usubiri mpaka zikauke. Zenye dawa ni dhaifu, usizivute. Mwenye nywele chache mbele, chukua za nyuma kidogo, uzilete. Mwenye paji fupi acha njia iwe nyembamba. Mwenye paji refu iwe pana kidogo, uso upumue. Mzunguko wa nywele ukiwa upande, usishindane nao. Nywele hujua zilikozaliwa."

Akafika mwisho. Akaongeza sehemu moja: "Wapo wasio na nywele kwa sababu ya ugonjwa au dawa. Hawa waachwe. Wahudumiwe kama walivyo."

Bwana Anselmi aliusoma wote akitabasamu, mpaka hapo. Akatoa kalamu nyekundu kwenye suti ya ndani.

"Hii hapana."

"Ni watu, baba."

"Sikatai. Lakini mwongozo wa nywele hauwezi kuzungumzia wasio na nywele. Ni sawa na kitabu cha mapishi kuzungumzia njaa." Akapiga mstari. "Kwingine kote umeandika vizuri sana. Ulisoma wapi?"

"Parokiani. Jioni."

"Inaonekana," alisema, na ilikuwa sifa.

Mwalimu wa jioni alimpa alama tisa kwa kumi. Kwenye nafasi ya sehemu iliyofutwa aliandika: Hitimisho limekosekana.

*

Jumatatu iliyofuata ilikuwa siku ya chupa ya tano. Skolastika alimshika dada yake mkono mpaka hospitali. Mlangoni pa wodi palikuwa na dirisha jipya, Dirisha Namba Nne, na ndani yake aliketi Bi Sikudhani, karani, mwenye rula, kitana na shungi la kupigiwa mfano.

"Karibuni, mama zangu. Mgonjwa ni nani?"

"Huyu."

"Vua kitambaa, Mama."

Perpetua alivua. Bi Sikudhani alitazama, akaweka rula chini.

"Shungi liko wapi?"

"Dawa yenu imelichukua," Perpetua alisema.

"Dawa ni idara nyingine. Mimi ni mapaji."

"Waziri mbona hana?" Skolastika aliuliza.

"La Waziri liko nje ya nchi kikazi. La dada yako liko wapi?"

"Liko kwenye mto wa kulalia," alisema Perpetua. "Nitume mtu akalilete?"

Waliokuwa kwenye foleni walicheka, na Bi Sikudhani naye akacheka, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Ana watoto watatu na goti linalomsumbua. "Jamani, msinitie matatani. Zikiota, mje. Siku hiyohiyo atapata dawa. Na hapa nitaandika kwamba hakuja, ili faili lisiharibike."

Jumatatu ya pili Skolastika alimchora dada yake shungi kwa wanja, unywele kwa unywele, njia katikati. Kazi ilimchukua rozari nzima. Kwa mbali ungeapa ni nywele. Bi Sikudhani alipitisha kitana. Kitana hakikugusa kitu, kikatoka na weusi. "Mama, umenichafulia kitana cha serikali," alisema kwa huzuni ya kweli. Jumatatu ya tatu Skolastika alikuja na Mwongozo wenyewe, jina lake likiwa kwenye jalada, akasema yeye ndiye aliyeuandika. Bi Sikudhani alifurahi mno, akamwomba auwekee saini. Kisha akaufungua, akatafuta sehemu ya wasio na nywele, hakuiona.

"Si unaona? Hata wewe mwenyewe hukuandika."

Walipotoka, Perpetua aliketi kwenye ngazi apumzike. Jua lilikuwa kali na hakuwa na kitambaa.

"Skola, usikunje uso hivyo. Utapoteza vidole viwili."

Skolastika hakuwa amekunja uso. Alijipapasa aone. Ulikuwa laini, kama uso wa mtu anayesubiri zamu yake.

*

Shungi fupi lina tabu moja: halikai fupi. Kila baada ya wiki mbili gari la Kasri lilimjia Skolastika akapunguze la Mama Mtukufu, sasa likiwa kavu, kwa mujibu wa Mwongozo. Safari ya tatu Bwana Anselmi aliitwa kwenye simu, wakabaki wawili na vioo saba.

"Skolastika," Mama Mtukufu alisema polepole, bila kugeuza kichwa. "Siku ile. Hukukosea?"

Mkasi ulisimama. Skolastika alijua jibu sahihi; lilikuwa kwenye ibara ya tatu. Alijua pia amri ya nane ya Mungu, ile ya kutosema uongo, ambayo ni ya zamani zaidi. Alisoma Salamu Maria moja.

"Nilikosea, Mama. Nilizikata mbichi."

Katika vioo saba Mama Mtukufu alifumba macho. "Nilijua. Mgeni alipoondoka nililia chooni. Asubuhi nikaona walinzi wanazo. Jioni wakawa nazo majenerali." Akashusha pumzi. "Ningesema nini? Watu wamekwisha kuzoea."

"Mama, nina dada." Skolastika alimweleza yote: chupa nane, dirisha, rula, na wiki sita ambazo dawa haikuingia. Aliyasema kwa sauti ileile ya kumwambia mteja bei ya kusuka. Hakujua ameitoa wapi, wala sauti nyingine ilikokwenda.

Mama Mtukufu alimshika mkono, mkono wa kulia, wenye mkasi. "Pole sana, dada yangu. Nitalisema."

Na alilisema, tusimdhulumu. Neno lake lilipita kwa Bwana Anselmi, likapita kwa Waziri, likapita kamati mbili na warsha moja kando ya mto, na kila lilipopita liliacha kitu kidogo, kama mtu anayetembea kwenye miiba. Wiki mbili baadaye gari kubwa lilifika hospitalini likiwa na ngoma na waandishi wa habari. Likashusha benchi. Lilikuwa benchi zuri la mninga, lenye kibao cha shaba: KWA HISANI YA MAMA MTUKUFU, KWA AJILI YA WANAOSUBIRI KUOTA.

Perpetua alikuwa wa kwanza kulikalia. Alilipapasa.

"Mninga," alisema. "Jeneza la baba lilikuwa la msonobari."

*

Sasa, msomaji mwema, dawa ile ilikuwa inaangusha nywele. Asiyeipata hufanyaje? Huota. Wizara ililigundua jambo hilo kabla ya mtu yeyote, na ikalitangaza kama mafanikio.

Wiki ya nane kichwa cha Perpetua kilikuwa na vinyweleo. Wiki ya kumi na moja zilikuwa nywele, laini kuliko za mwanzo, kama za mtoto aliyezaliwa jana. Chini yake Perpetua alikuwa anapungua. Mashavu yalizama, shingo ikawa nyembamba, mkono wa upande wa uvimbe ukajaa. Alilala mchana, akaamka kuuliza saa, akalala tena. Kitu pekee kilichonawiri kwake kilikuwa hicho kilichokuwa kinahitajika dirishani.

Jumatatu ya wiki ya kumi na tatu Skolastika alimweka kwenye kiti chake kimoja, mbele ya kioo chenye ufa. Alizifungua nyuzi alizofunga jana yake. Alikata kidogo, akasubiri Salamu Maria tano. Akakata tena. Hakuhitaji kupasua njia. Katikati ya paji la Perpetua nywele zilizunguka, zikagawanyika zenyewe, nusu kulia, nusu kushoto, zikatulia.

"Nimependeza?" Perpetua aliuliza, amefumba macho.

"Umependeza, Dada."

"Kama nani?"

"Kama Mama Mtukufu."

"Mungu apishe mbali."

Bi Sikudhani alipopima alisimama. Alipima tena. Akaita karani wa dirisha la tatu na wa dirisha la tano waje waone. Vidole viwili kamili, njia katikati kamili, kitana kilipita kama maji. Tangu dirisha lifunguliwe hakuwahi kuona shungi lililokidhi hivyo. Mpiga picha wa Wizara alifika kabla ya daktari. Alimwambia Perpetua atabasamu. Perpetua alimtazama tu, kama mtu anayetazama mvua. Mpiga picha akasema hiyo ni nzuri zaidi, ina hadhi.

Chupa nyekundu ikatundikwa saa nane mchana. Daktari alimvuta Skolastika kando. Alikuwa kijana, na shungi lake lilikuwa limekatwa vibaya.

"Mama, wiki kumi na tatu... uvimbe umefika kwenye ini. Tutampa hii, lakini..."

"Zilibaki nane," alisema Skolastika.

"Najua."

"Hii ni moja."

"Najua, Mama."

Jumatatu iliyofuata, asubuhi, mto wa Perpetua ulikuwa na nywele. Alizikusanya mwenyewe kwa vidole, akazifinyanga zikawa donge dogo kama tende, akampa mdogo wake.

"Dawa inafanya kazi," alisema. Alicheka mpaka akakohoa. "Usinipeleke tena dirishani, Skola. Kaa hapa. Nisomee kitu."

Hapakuwa na kitabu karibu ila daftari la darasa la jioni. Skolastika akamsomea insha yake tangu mwanzo: kipilipili, singa, mawimbi, mapaji mafupi na mapaji marefu. Alisoma kwa sauti iliyonyooka, bila kukwama hata neno moja. Alipofika pale palipofutwa kwa wino mwekundu alipasoma pia, kwa kuwa mstari haukuwa umeyazuia maneno yasionekane.

"Hapo ndipo pazuri," Perpetua alisema. "Umesoma, mdogo wangu. Unasoma kama padre." Na baada ya muda, "Maandazi yale hayakupotea."

Alikufa Jumatano, mchana kweupe, watu wakiwa sokoni.

*

Skolastika alimwosha dada yake, akamvika, akamfunga kitambaa. Kisha akaketi kwenye kiti cha wateja na akanyoa kichwa chake kizima kwa wembe, kuanzia mbele. Aliijua sheria: kuondoa Shungi la Taifa kwa makusudi kulikuwa na kifungo cha miaka miwili. Wembe ulipita. Hakulia. Alishangaa kidogo kwamba halii, kisha akaacha kushangaa. Alianza kusoma Salamu Maria za kumwombea marehemu, na midomo yake ilizisoma bila kumngoja.

Kibali cha kuzika hutolewa hospitalini, Dirisha Namba Nne. Alikwenda kwa miguu, kichwa wazi, na watu walimpisha njia kama wanavyompisha mtu aliyebeba moto. Kwenye benchi la mninga walikuwa wameketi wanawake watano na mwanamume mmoja, wote vichwa vinang'aa, wanasubiri kuota. Walimtazama. Mmoja akasogea kumpa nafasi.

"Mimi si mgonjwa," Skolastika alimwambia. "Nimefiwa."

Bi Sikudhani aliinua uso, akauona upara, rula ikamtoka mkononi.

"Mama Mtaalamu! Umefanya nini? Unataka nini?"

"Kibali cha kumzika Perpetua."

Bi Sikudhani alikuwa amempenda Perpetua. Ndiye pekee aliyekuwa akimchekesha. Macho yake yalijaa. Lakini fomu ilikuwa mezani, na kwenye fomu palikuwa na kisanduku cha shungi, bila kusema la nani.

"Mama, pole. Pole sana. Lakini nitaandika nini hapa? Shungi... shungi liko wapi?"

Skolastika aliinua mkono, taratibu, akaonyesha juu ya kichwa cha karani.

Bi Sikudhani aligeuka. Ukutani, ndani ya fremu, lilining'inia bango jipya la Wizara, refu kama mlango. Perpetua aliwatazama kutoka humo kama mtu anayetazama mvua. Chini yake paliandikwa: SUBIRA HUOTESHA.

Wote kwenye benchi walilitazama. Bi Sikudhani alilitazama muda mrefu. Kisha akaokota rula, akapanda juu ya kiti chake, goti likalia, akaiweka rula kwenye karatasi, juu ya paji la marehemu, akapima kwa uangalifu. Akapitisha na kitana, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu. Akashuka.

"Vidole viwili," alisema. "Njia katikati."

Akaandika LIMEKIDHI. Akagonga muhuri.

"Subiri wino ukauke, Mama. Usije ukachafuka."

Skolastika aliketi kwenye benchi, katika ile nafasi aliyosogezewa, karatasi imelala mapajani. Mwanamke wa jirani alimuuliza kwa kunong'ona wino huchukua muda gani.

"Salamu Maria tatu," alisema, na wale sita, hata wasiokuwa wa dini yake, wakazihesabu pamoja naye.